Binamu Yangu Amejifungua

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwa mjomba, Matambarale. Dakika nina hakika nazo kwa sababu ile saa ya ukutani sebuleni niliitazama mara tatu, mara moja kwa kila hodi. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa binamu yangu na bakuli la uji mkononi. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu niliisema kwa sauti ambayo hata panya asingeisikia, maana, niseme ukweli, nilikuwa naomba asijibu. Tumefundishwa kwamba hodi tatu zisipoitikiwa unaondoka, usiwe king'ang'anizi. Mimi ni mtu wa aibu, na katika sheria zote za dunia hiyo ndiyo ninayoipenda.

Nikaliweka bakuli kwenye kigoda pale mlangoni. Kuku mmoja alikuwa anakuja na shingo ya tamaa, na kawa sikuwa nalo. Basi nikachukua daftari nililokuwa nimelibana kwapani, nikafunika uji, nikaenda zangu uani kwenye ufuta.

Daftari lenyewe ndilo hili ninaloandikia.

Mimi ni wa Nachingwea mjini, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mama yangu kazaliwa hapa Matambarale, na mjomba ni kaka yake wa tumbo moja. Likizo ya mwezi wa sita mama alisema nije kusaidia ufuta. Sababu ya kweli aliitoa wakati ananisuka, nikiwa nimebanwa kichwa katikati ya magoti yake na siwezi kukimbia.

"Ukakae na binamu yako. Hayuko sawa. Mtoto anaisha yule."

"Nikakae naye nifanye nini?"

"Ukae tu. Kukaa nako kunahitaji cheti?"

Binamu ana miaka ishirini na tatu. Nilipokuwa mdogo, ukifika barabarani kabla hujaiona nyumba ya mjomba unasikia sauti yake kwanza. Na kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako wa kuzaliwa. Anaweza kukuita mke mwenzake, kukunyang'anya nyama iliyokwisha kufika mdomoni, kuwaambia wageni kwamba ulizaliwa na mkia ukakatwa kwa panga, na wewe huna ruhusa ya kununa. Miaka yote yeye ndiye aliyenitania. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa na kuchekea puani. Majibu ninayo, tena makali, lakini huwa yananijia jioni, wakati watani wamekwisha kwenda kwao. Ndiyo maana nina daftari.

Mwaka jana alimaliza chuo cha ualimu akarudi nyumbani kusubiri ajira. Kila aliyepita alimwita, "Mwalimu! Umepangiwa wapi?" Mwanzoni alijibu kwa kucheka. Wasichana aliokua nao wameolewa, wana watoto mgongoni, na yeye mazungumzo ya watoto hana. Wenzake wa chuo wametawanyika, wamebaki kuwa picha kwenye simu. Akaacha kwenda sokoni. Halafu akaacha kwenda kisimani. Halafu akaacha kukaa jamvini wakati wa kula. Nilipofika ilikuwa wiki ya tano hatoki chumbani ila alfajiri kwenda msalani, amejifunika khanga gubigubi.

Muuguzi wa zahanati alikuja mwenyewe nyumbani, akaongea naye, kisha akamwambia mjomba kwamba jambo hili lina jina, linaitwa sonona, na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Akaandika karatasi ya kwenda kliniki ya afya ya akili, hospitalini Ruangwa, ambayo kila Jumatano ipo. Jumatano ya kwanza binamu alivaa, akafika kizingitini, akarudi ndani akalala na viatu. Jumatano ya pili ilikuwa kesho. Mjomba alisema, "Asipokwenda na kesho, mimi sijui tena," kisha akaenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe ambalo alikuwa amelishika mkononi.

Ni huyohuyo mjomba aliyetupa amri, wengine tangu mwanzo, mimi siku niliyofika. "Msimtanie. Mtu akiwa vile hataki maneno." Aliwatangazia watani wote, hata bibi jirani ambaye utani kwake ni kama swala, haupitishi. Tukawa tunatembea kwa ncha za vidole, tunaongea kwa kunong'ona, tunaacha chakula mlangoni. Nyumba ilijaa wema mpaka ukawa huwezi kupumua.

Sasa turudi kwenye ufuta. Ufuta ukishakauka mmoja anashika mganda kichwa chini, mwingine anaugonga kwa fimbo, na mbegu zinamwagika kwenye turubai kwa sauti ya manyunyu. Mke wa mjomba alishika, mimi niligonga. Kwenye mganda wa nne au wa tano nikakumbuka. Fimbo ikabaki hewani.

"Vipi? Nge?" akauliza mke wa mjomba.

"Daftari."

"Daftari limekuuma?"

Humo ndani ya daftari nilikuwa nimemwandika binamu yangu kwa siku tisa mfululizo. Niliandika kwamba ananuka kama beberu. Niliandika kwamba nywele zake zimekuwa kiota cha kunguru, tusubiri mayai. Si kwa ubaya! Ni ule utani niliokatazwa kuusema, na ambao hata nisingekatazwa nisingekuwa na ubavu wa kuusema. Nilikimbia mpaka mlangoni kwake. Kigoda kilikuwa kitupu. Bakuli limeingia ndani, daftari limeingia ndani, na mlango umefungwa.

Mtu mwema angefurahi kwamba uji umechukuliwa. Mimi nilikuwa nafikiria kama naweza kutembea kwa miguu mpaka Nachingwea.

Adhuhuri ilipita. Niligonga ufuta kwa nguvu mpaka mke wa mjomba akasema sasa unapiga turubai, ufuta umekwisha zamani. Saa nane nilipoingia ndani nikakuta bakuli nje, tupu, limekombwa, na daftari juu yake. Nilipita nalo kama jogoo aliyeiba, nikajibanza nyuma ya jiko.

Lilikuwa limejaa wino mwekundu.

Alikuwa amelisahihisha. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika: "Binamu amejifungua chumbani, wiki ya tano sasa." Nilitaka kuandika amejifungia. Herufi moja tu! Akaizungushia duara nene, na pembeni akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Hongera kwangu. Mtoto wa kike au wa kiume? Na tangu lini mzazi analetewa uji hauna pilipili manga?"

Chini kidogo nilikuwa nimeandika maneno ya mke wa mjomba, kwamba usiku halali, mchana hali. Pembeni: "Mimi halali? Nani alinichinja, na je, alisema bismillahi?"

Penye nywele na kunguru: "Kunguru ana akili. Hawezi kutaga mahali pachafu hivi."

Na kila nilipoandika "sula" badala ya sura, "halaka" badala ya haraka, "fulaha" badala ya furaha, kulikuwa na mkwaju mwekundu, mpaka mwisho akachoka akaandika: "Herufi R imewakosea nini, wewe na baba yako wa Kiegei?" Kweli kwetu, huko Kiegei kijijini kwa baba, R inapotea mdomoni, na mimi huwa naandika ninavyosikia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikafika ukurasa ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Haukuwa wa binamu, ulikuwa wangu. Nimeandika kwamba shuleni wakati wa mapumziko huwa nakwenda nyuma ya tenki la maji najifanya nasoma. Kwamba siku moja kengele iligongwa na sikuinuka, kwa sababu niliona hakuna atakayejua kama nipo au sipo. Kwamba nililia kidogo halafu nikaenda darasani, na kweli hakuna aliyejua. Hapo nilikuwa nimekosea R tatu nzima, lakini hakusahihisha hata moja. Kulikuwa na nukta moja tu, nyekundu, kubwa, mahali ambapo kalamu ilikaa muda mrefu bila kuandika.

Mwisho kabisa: "18/50. Masahihisho yafanyike mbele ya mwalimu. Hodi yako inayofanana na ya mwizi anayeomba radhi uiache hukohuko. Wewe ni mtani au mgeni?"

Niliusoma huo mstari mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote cha mtihani. Kisha nikainuka, nikaenda, nikasukuma mlango. Bila hodi.

Chumba kilikuwa na giza na joto la watu wengi, wakati mtu ni mmoja. Alikuwa amekaa kitandani, kalamu nyekundu sikioni. Amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa kama ya komba wa porini.

"Funga mlango, nzi wataingia," akasema. "Simama wima. Soma sentensi ya kwanza."

"Binamu amejifu..."

"Amejifu nini?"

"...ngia."

"Rudia. Darasa zima halijasikia."

"Amejifungia!"

Akacheka. Kicheko chenyewe kilianza kwa kukwama, kama bomba la kisima lililokaa bila kupigwa, linakohoa kwanza, linatoa upepo, halafu maji yanakuja. Yalipokuja yalikuja pamoja na machozi, na mimi sikujua nishike wapi, nikakaa kitandani.

"Haya yote unayo kichwani," akasema akijifuta kwa khanga, "mbona hukuniambia?"

"Mjomba alikataza. Kasema unaumwa, hutaki maneno."

"Yule mzee wa ng'ambo ya barabara, alipokufa, bibi jirani alifanya nini?"

"Alivaa kanzu ya marehemu, akachukua bakora yake, akazunguka uani anakohoa kama yeye, anadai chai."

"Watu?"

"Walicheka. Mjane alicheka mpaka akashikwa."

"Basi. Kwetu hata maiti anataniwa. Mimi mzima, tena nyumba moja na nyinyi, mmeninyamazia wiki zote hizi. Nikawa nalala hapa najiuliza, hivi mimi nimevuka hata umaiti?"

Wote tulidhani tunampa nafasi. Kumbe kila tulivyompa nafasi ndivyo nafasi ilivyozidi kuwa kubwa, mpaka ikawa pori, na yeye yuko katikati yake peke yake.

Akalichukua daftari, akalifungua penye ile nukta.

"Nyuma ya tenki unakwenda kila siku?"

"Siku nyingi."

"Unalia?"

"Si kila siku."

"Hata mimi mwanzoni haikuwa kila siku," akasema.

Nje mke wa mjomba alikuwa anapepeta. Nimelifikiria sana hili tangu siku ile, na bado sijui kipi kilitangulia. Je, alijificha kwa sababu ana huzuni, au huzuni ilimkuta kwa sababu kajificha? Nadhani vilikuwa vinapokezana, kama mimi na mke wa mjomba kwenye mganda, mmoja anashika, mwingine anagonga. Na mimi ninayependa kukaa peke yangu, maana napenda kweli, najua sasa kuna kukaa peke yako ukiwa na daftari na kuna kule kwingine, kwa siku ile ya kengele. Kwa nje vinafanana. Mtu akipita hawezi kuvitofautisha, lazima aulize.

"Kesho unakwenda Ruangwa?" nikauliza.

"Siendi."

"Unaogopa sindano?"

"Sindano ina nini? Pale kijiweni kwa bodaboda. Watauliza nimepangiwa wapi. Siwezi kulijibu tena lile swali."

Na hapa sijui nani alisema kwa mdomo wangu. "Nitajibu mimi."

Alinigeukia taratibu. "Wewe? Wewe unayemwonea haya hata mbuzi?"

"Mimi ni mtani wako. Ninayo ruhusa."

"Haya. Mimi ni dereva wa bodaboda." Akajifunga khanga kichwani kama kofia, akakaza sauti. "Mwalimu! Umepangiwa wapi?"

"Ame... hajapangiwa."

"Sifuri. Hilo si jibu la mtani, hilo ni taarifa ya habari. Tena!"

Tulijaribu mara nne. Ya nne nilisema kitu kibaya kiasi kwamba sikiandiki, na tukacheka tukaanguka, mpaka tukasikia sauti ya mjomba nje ya mlango, ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumtisha ndege.

"Kuna nini humo?"

"Masahihisho, baba!" binamu akapaza sauti.

Mke wa mjomba alibandika maji ya moto, akaweka ndoo mlangoni na sabuni juu. Jioni binamu alioga, nikamchana nywele, na mayai hatukuyakuta. Lakini alipokuwa anageukia ukuta aliniambia, "Sijasema nitakwenda." Akasema tena, "Usimwambie baba kwamba nitakwenda."

Asubuhi ya Jumatano nilivaa mapema. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anakitazama kana kwamba hajui kinavaliwa wapi. Uso wa jana haukuwepo. Nilikuwa nimedhani kicheko kikishafunguka kimefunguka. Sivyo. Alikaa hivyo mpaka mjomba akakohoa nje mara mbili.

"Siwezi," akasema. "Kweli kabisa. Si uvivu."

"Najua si uvivu."

Mimi wa siku zote ningetoka polepole na kufunga mlango. Miguu ilikuwa tayari imegeuka. Nikamwambia, "Basi niazime hivyo viatu. Nitakwenda kuumwa mimi kwa niaba yako. Nitawaambia daktari na watu wote kwenye benchi kwamba jina langu ndilo lako, nimejifungua, na bwana ni beberu."

Akafumba macho. "Utauaibisha ukoo mzima."

"Ndiyo nia."

Akavaa kiatu cha pili.

Mjomba alitangulia na karatasi ya rufaa mfukoni, anajifanya hatutazami. Binamu alinishika mkono. Tulipofika kijiweni dereva mmoja mwenye koti la jeshi alituona akainua mikono yote miwili.

"Mwalimu! Umepotea wewe! Haya, umepangiwa wapi?"

Mkono wa binamu ukakaza. Nilifungua kinywa, na yale yote tuliyofanyia mazoezi yakapotea, hata moja halikubaki.

"Amepangiwa mimi!" nikapiga kelele.

Kijiwe kizima kikageuka. Katika maisha yangu sijawahi kutazamwa na watu wengi vile.

"Amepangiwa wewe?"

"Mimi! Shule nzima mwanafunzi ni mimi, kichwa kigumu, herufi R siijui, amenifundisha mpaka ameumwa, sasa tunampeleka hospitali. Washa pikipiki, acha maneno!"

Walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake. "Pole, mwalimu," wakasema, "huyo mwanafunzi kweli ni ugonjwa." Binamu alikuwa amejificha uso ndani ya khanga na mabega yanatikisika. Nikaogopa. Nikachungulia. Alikuwa anacheka.

Mjomba alipanda ya mbele, sisi tukapakizana ya nyuma, vumbi lote la barabara likawa letu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Kulikuwa na vijana wengi kuliko nilivyotegemea, wengine wa umri wangu, kila mmoja anatazama sakafu. Jina lake lilipoitwa aliinuka mwenyewe, akamwambia mjomba abaki, nami nibaki. Mlango ukafungwa. Sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu, basi nikatoka mpaka getini, nikanunua ming'oko kwa mama mmoja, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa, ya moto bado, na chumvi na pilipili. Nilinunua ya watu wawili. Nikala yangu. Alichelewa. Nikala na yake.

Alitoka macho mekundu, mkononi ana dawa na kadi ya kurudi Jumatano ijayo. Alimwambia mjomba kwamba daktari kasema si jambo la siku mbili, litachukua miezi, na kwamba asikae peke yake hata kama hana la kusema. Mjomba aliitikia kila neno kwa "ndiyo" hadi alipomaliza, kisha akaenda kusimama dirishani.

Binamu akaketi kando yangu. Akanusa. Akatazama lile gazeti lililofungiwa ming'oko, limejaa maganda.

"Yangu iko wapi?"

"Nilidhani hutaki."

"Nani kakwambia sitaki? Mlafi wewe, mtoto wa Kiegei! Mgonjwa nimo ndani nateseka, wewe huku unatafuna! Nenda kaninunulie."

Niliinuka nikakimbia mpaka getini. Yule mama aliponiona narudi akauliza, "Tena?" na mimi, mbele ya watu wote waliokuwa pale, nikasema kwa sauti, "Nipe mingi, mama. Mgonjwa wangu ana njaa."